Jiwe Halisemi Uongo, Lakini Husahau

Mjomba wangu hakuwahi kunikataza kusoma jiolojia. Alichonidai ni sanadi. Nikimweleza kwamba lava fulani ilimwagika karibu miaka bilioni tatu na nusu iliyopita, hakuuliza kwanza kama jambo hilo lapatana na Kitabu. Aliuliza, "Nani kakusimulia, mwanangu, na yeye kasikia kwa nani?" Ndivyo alivyolelewa. Alisomesha hadithi za Mtume Tanga maisha yake yote, na kwake habari isiyo na mlolongo wa wapokezi ni maneno ya barazani, hata iwe tamu vipi. Wazee wengine walihofu nitapoteza dini. Yeye alihofu nitapoteza nidhamu ya ushahidi, na hofu yake naiona ilikuwa ya mtu aliyeelewa hatari iko wapi.

Swali lake ni la kifalsafa, na ni gumu kuliko linavyosikika. Jambo ambalo hakuna jicho lililoliona, wala sikio lililolisikia, wala kiumbe mwenye kumbukumbu aliyekuwapo, twaweza kusema tunalijua? Au tunalidhania tu, tukaipa dhana yetu joho la elimu? Mimi nafundisha kemia ya miamba. Nikishindwa kujibu hilo, sina haki ya kusimama mbele ya darasa.

Nitachukua mwamba mmoja. Mto Komati unateremka kutoka nyanda za juu za Afrika Kusini, unapita Eswatini, unarudi Afrika Kusini, kisha unaingia Msumbiji na kumwaga maji yake katika ghuba ya Maputo, kwenye bahari hii hii yetu. Katika bonde lake, kusini mwa mji wa Barberton, ndugu wawili, Morris na Richard Viljoen, walikuwa wakichora ramani ya miamba ya kale. Mwaka 1969 walitangaza jambo ambalo wakubwa wa fani walikuwa wamelikataa: kwamba miamba fulani yenye magnesiamu nyingi mno iliwahi kuwa uji wa moto uliomwagika juu ya ardhi. Wakaupa mwamba huo jina la mto, komatiti. Lava za kawaida za leo, basalti, mara nyingi hazifiki sehemu kumi za oksidi ya magnesiamu katika mia. Komatiti huanzia kumi na nane, na za Komati zapita ishirini na tano.

Kukataliwa kwake kulikuwa na sababu. Norman Bowen, ambaye kitabu chake cha mwaka 1928 kilifundisha vizazi jinsi miamba ya moto inavyoumbika, alishika kwamba miamba ya namna hiyo ni masimbi tu: fuwele nzito zilizozama chini ya magma ya kawaida zikarundikana. Ili kitu chenye magnesiamu kiasi kile kiwe kimiminika kizima, chahitaji joto la karibu nyuzi 1,600, na lava za Hawaii leo hazipiti sana 1,200. Mwanajiolojia Harry Hess alibishana naye miaka mingi. Bowen alifariki mwaka 1956, kabla bonde la Komati halijasema.

Nilipofika kule na wanafunzi wangu nilielewa kwa nini ndugu wale hawakurudi nyuma. Jiwe ni jeusi lenye ukijani, na upande uliooshwa na maji unaonyesha mapanga membamba ya fuwele yaliyopangana kama majani yaliyosimama, mengine marefu kuliko kiganja. Fuwele zilizozama na kurundikana huwa na umbo la mviringo, zimebanana kama mchanga. Hizi zimeota kutoka juu kwenda chini, upesi, ndani ya kimiminika kilichopoa kwa ghafula. Masimbi hayawezi kufanya hivyo. Mwanafunzi mmoja, kijana wa Kilwa aliyehifadhi juzuu kadhaa, alikaa mbele ya jiwe lile kwa muda mrefu kisha akaniambia, "Mwalimu, hili limeshuhudia." Nikamwuliza limeshuhudia nini hasa, na tukaanza kazi.

Maana hapo ndipo shida ilipo. Mapanga yale hayana tena madini yaliyoyaumba. Yalikuwa olivini, maji yameingia, yakaigeuza kuwa sapentini, na umbo pekee likabaki. Mwamba ule umepikwa, umekunjwa, umelowa, umepitiwa na majimaji ya moto kwa umri ambao akili haiubebi. Ukiuchukua mzima mzima ukaupima kila kitu na kuamini kila namba, utaandika uzushi.

Mjomba alinifundisha kwamba wanazuoni wa hadithi hutazama mambo mawili kwa mpokezi. Kwanza uadilifu wake: je, ni mkweli, mcha Mungu, hajulikani kwa uongo? Pili dhabti, yaani uwezo wake wa kushika alichosikia na kukifikisha kama kilivyo. Mtu aweza kuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano na riwaya yake ikahesabiwa dhaifu kwa sababu kumbukumbu yake haishiki. Alipenda kumtaja Abdallah bin Lahi'a, kadhi wa Misri wa karne ya pili ya Hijra. Inasimuliwa kwamba vitabu vyake viliungua, na baada ya hapo akawa anachanganya. Wanazuoni wengi hawakumtupa. Waliuliza: nani alipokea kwake kabla ya kuchanganyikiwa, na nani baada? Ya kwanza wakayapa uzito, ya pili wakayaweka kando.

Kwa jiwe, swali la uadilifu halipo. Jiwe halina nia, halisemi uongo. Lakini husahau, na kusahau kwake hakulingani: sehemu zake nyingine hushika na nyingine hupoteza. Sodiamu, potasiamu na rubidi ni wapokezi wa hali ya Ibn Lahi'a baada ya moto. Maji yakipita, huondoka nayo au huingia mapya yasiyokuwapo. Titaniamu na alumini na zirkoniamu hazisogei kirahisi hivyo. Mwamba waweza kugeuka rangi, uzito na madini yake yote, na uwiano wa alumini na titaniamu ukabaki uleule wa siku ile lava ilipomwagika. Tunalijua hili kwa kupima sampuli nyingi za lava moja, zilizooza sana na zilizooza kidogo. Namba zinazotawanyika ovyo tunaziweka kando. Namba zinazokaa kwenye mstari mmoja tunazisikiliza. Huo ndio uchambuzi wa wapokezi, na naufanya nikiwa na sauti ya mjomba masikioni.

Sasa sikiliza waaminifu hao wanasema nini. Vimondo vya kale, vinavyotupa kipimo cha udongo ambao dunia iliumbwa kwao, vina uwiano wa oksidi ya alumini kwa oksidi ya titaniamu wa karibu ishirini. Komatiti nyingi za bonde la Komati zina karibu nusu ya hapo. Alumini imepungua. Haikuchukuliwa na maji, kwa kuwa maji hayaiwezi. Kwa hiyo iliachwa mahali kabla lava haijapanda. Madini yanayoweza kuishika alumini chini kiasi hicho, huku yakiiachia titaniamu iende, ni ganeti, na katika joto kali namna ile ganeti hustahimili kwenye shinikizo la kilomita mia kadhaa ndani ya mantili, ile tabaka nene iliyo chini ya ganda la dunia. Iterbiamu na jamaa zake wazito, ambao ganeti huwapenda pia, nao wamepungua katika lava hizo hizo. Mashahidi wawili, kila mmoja kwa njia yake, wanasimulia jambo moja kuhusu kilichobaki chini.

Hili lilinigusa kuliko jambo lolote katika masomo yangu, na bado linanigusa. Tunajua kina kwa kile kilichokosekana. Hakuna aliyeiona ganeti ile.

Waweza kuuliza kama kuna anayesimulia kutoka upande wa pili, upande wa mabaki. Yupo, na yupo kwetu. Karibu na Monduli kuna kilima cha volkano kiitwacho Lashaine, na katika nchi ya Hanang kuna kingine, Labait. Milipuko yao ilinyakua vipande vya mantili kutoka chini na kuvitupa juu vikiwa vizima: mawe ya kijani ya olivini, mengine yana ganeti nyekundu ndani yake. Mwanajiolojia Barry Dawson aliyaandika ya Lashaine. Sidai kwamba lava ya Komati ilitoka chini ya Monduli. Ni nchi tofauti na mizizi tofauti. Nasema tu kwamba kule tuna kilichotoka, na huku tuna mfano wa kilichobaki. Nyama ya mafuta ikiwekwa motoni, mafuta hutoka kwanza na nyama hukauka; ukipewa nyama kavu waweza kusema mafuta yametoka, hata kama hukuwapo jikoni.

Umri wa kukauka huko unasomwa kwa metali mbili adimu. Reniamu, mantili inapoyeyuka, huondoka na magma. Osmiamu hubaki. Reniamu ya namna moja hugeuka kuwa osmiamu polepole mno: nusu yake huhitaji miaka bilioni 42 hivi, zaidi ya umri wa ulimwengu wote. Basi kipande kilichopoteza reniamu yake huacha kuongeza osmiamu mpya, na hesabu yake husimama siku ile ile. John Chesley, Roberta Rudnick na Cin-Ty Lee walipopima vipande vya Labait mwaka 1999, vile vya juu ya kina cha kilomita 140 hivi vilionyesha mabaki ya kale sana, umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Vilivyotoka chini zaidi vilikuwa na habari nyingine, changa zaidi. Mzizi wa bara chini ya miguu ya wafugaji wa Hanang una ghorofa, na kila ghorofa lina riwaya yake.

Nilimsomea mjomba haya akanikatiza. "Umenitajia kuyeyuka, umenitajia kuchakaa. Hiyo saa yenyewe nani kaidhamini? Nani kakwambia kwamba reniamu ya jana iligeuka kwa mwendo wa reniamu ya leo?"

Ndilo swali la mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alisema kwamba hatuoni moto ukilazimisha pamba kuungua. Tunaona kuungua kukifuatana na kugusana, na mwenye kuumba kuungua ni Mungu. Wengi humtaja hapo wakaishia, wakamfanya adui wa sayansi. Wanasahau kwamba alijiwekea pingamizi mwenyewe: kama hakuna ulazima, basi huenda kitabu nilichokiacha nyumbani sasa kimegeuka kijana? Akajibu kwamba Mungu ametuumbia elimu ya kujua kwamba desturi Yake inaendelea. Kwangu hili ni tegemeo tosha. Sihitaji reniamu iwe inalazimika kwa nafsi yake. Nahitaji desturi isiyovunjwa holela. Na desturi, tofauti na ulazima, yaweza kuchunguzwa.

Ilichunguzwa hapa hapa Afrika. Mwaka 1972 wanasayansi wa Ufaransa waligundua kwamba urani iliyochimbwa Oklo, nchini Gabon, ilikuwa na upungufu wa ile aina inayoendesha vinu vya nyuklia. Ikabainika kwamba karibu miaka bilioni mbili iliyopita, mbale tajiri na maji ya ardhini vilikutana na kuwasha kinu kisicho na mjenzi wa kibinadamu, kikawaka na kuzima kwa muda mrefu. Majivu yake bado yapo. Mwaka 1976 Mrusi Alexander Shlyakhter aliyapima kwa hesabu, hasa samariamu iliyobaki, akaonyesha kwamba nguvu zinazotawala kiini cha atomi zilikuwa, kwa kadiri vipimo vinavyoruhusu, zile zile za leo. Mjomba aliniomba nimrudishie habari ya Oklo polepole. Aliipenda. Alisema huyo ndiye mpokezi aliyekutana na mwalimu wake.

Kuna wanaokwepa mjadala wote huu kwa njia moja fupi: Mungu aliumba dunia changa yenye sura ya uzee. Philip Henry Gosse, Mwingereza mcha Mungu na mtaalamu mzuri wa viumbe wa baharini, aliandika kitabu juu ya hilo mwaka 1857, akitumia kitovu cha Adamu kama mfano. Najua Waislamu wanaolishika bila kumjua Gosse. Siwezi kuungana nao, na sababu yangu ni ya dini kabla ya kuwa ya sayansi. Miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu ni Al-Haqq, Wa Kweli. Ushahidi wa osmiamu katika kijiwe cha Labait ulikuwa umefichwa kilomita nyingi chini ya ardhi, hakuna aliyeweza kuusoma mpaka jana. Kusema kwamba uliandikwa pale ukiwa habari ya jambo ambalo halikutokea, ni kumnasibishia Mungu kitu ambacho tungemkatalia mpokezi wa hadithi.

Kwa upande wa pili, sipendi pia haraka ya wale wanaoona komatiti wakakimbilia Surat Zilzala, ambayo kila mtoto wa chuoni ameihifadhi na anajua ardhi imepewa nini kusema ndani yake. Sura ile inazungumzia siku ya hukumu na matendo yetu sisi. Kuigeuza somo la jiokemia ni kuipunguza. Jiwe la Komati halinisimulii dhambi zangu.

Ila linanidai uadilifu. Nimesema jiwe halina swali la uadilifu. Basi mzigo huo umeenda wapi? Umemwangukia mtu wa mwisho kwenye mlolongo. Aliyeokota jiwe, je, aliokota moyo wa mwamba au ganda lililooza kwa sababu lilikuwa karibu na barabara? Aliyelisaga, alilisaga kwa chombo gani? Chombo cha tangsteni huacha tangsteni, na mtu akitafuta tangsteni katika unga huo atapata chombo chake. Je, alipima pamoja nalo jiwe la marejeo ambalo thamani zake zinajulikana? Na namba iliyomharibia mstari wake mzuri, aliiandika au aliifuta? Nimeona maabara moja ikiitoa namba ya namna hiyo kwenye jedwali, na walioitoa hawakuona kama wamefanya kitu kibaya. Kwa wanazuoni wa hadithi jambo hilo lina jina, tadlisi, kuficha kasoro ya sanadi, na liliwashushia watu wakubwa daraja. Mwanafunzi wangu akiniletea unga usio na maelezo ya nani, wapi, na kwa chombo gani, siupimi. Wengine huniona mkali.

Nimezoea sasa kuzipa habari zangu daraja. Umri wa lava za Komati, karibu miaka bilioni 3.48, nauita sahihi: zirkoni za matabaka yaliyo pamoja nazo na saa nyingine za miamba zimekuja kwa njia mbalimbali zikakutana. Ganeti iliyobaki chini, vivyo hivyo. Ipo moja naiita gharibu, riwaya ya njia moja lakini wapokezi wake ni madhubuti. Mwaka 2012 Mathieu Touboul, Igor Puchtel na Richard Walker walipima komatiti za Kostomuksha, kaskazini-magharibi mwa Urusi, zenye umri wa miaka bilioni 2.8, wakakuta ziada ndogo sana ya tangsteni ya namba 182. Tangsteni hiyo huzaliwa na hafniamu ambayo nusu yake hugeuka kwa miaka milioni tisa tu. Mzazi huyo alikuwa amekwisha kabisa muda mfupi baada ya dunia kuanza. Kwa hiyo sehemu ya mantili ilitengana na nyingine katika siku zile za mwanzo kabisa, na mchanganyiko wa zaidi ya miaka bilioni moja na nusu haukuifuta.

Lakini joto lenyewe? Hapo bado pana mabishano ya kweli. Timothy Grove, Stephen Parman na Maarten de Wit walishika kwamba magma ya Komati ilikuwa na maji mengi, na maji hushusha kiwango cha kuyeyuka, hivyo mantili haikuhitaji kuwa na moto wa ajabu. Nicholas Arndt na wenzake wakasema hapana, ilikuwa kavu au karibu na kavu, na moto ulikuwa mkali kweli. Hapa nakumbuka sharti la Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi: hakutosheka na wapokezi wawili kuishi zama moja. Alitaka ithibitike kwamba walikutana. Alexander Sobolev alikwenda kwa njia inayomridhisha Bukhari: katika olivini chache za komatiti zilizonusurika bila kuoza, alitafuta matone madogo ya magma yaliyofungiwa ndani fuwele ilipokuwa ikikua. Tone na fuwele walikutana, hilo halina shaka. Maji alikuta, ila kidogo, yasiyotosha kuuondoa moto. Nami nipo hapo: lava za Komati zilikuwa na joto kuliko lava yoyote inayomwagika leo, daraja ya hasan, iliyo chini ya sahihi, na idadi ya nyuzi naiacha wazi mpaka apatikane mpokezi mwingine mwenye dhabti.